Picha ya Utupu

Mama Mifupa, mkuu wa maabara yetu, alinifumania nimepiga magoti, kichwa ndani ya mashine ya eksirei, suruali imepasuka nyuma, nabisha hodi.

"Umepoteza nini humo, fundi? Akili?"

Nilicheka kama zuzu. Ningemwambiaje? Jana tulipiga picha mtungi uliozibwa kwa nta, kipande baada ya kipande, na ndani kilionekana kitu kimejikunyata, chenye mbavu nyingi mno. Leo mtungi mtupu, nta haijaguswa, na mashine inanuka nywele zilizoungua. Nimetengeneza mashine hizi nchi nyingi. Hakuna iliyowahi kuitikia hodi yangu. Hii iliitikia, taratibu, kama mwenye nyumba: "Karibu."

Kuficha aibu, nikamgeukia shemeji, mdogo wa mke wangu, niliyemtafutia kazi hapo mwenyewe. "Piga picha ya utupu, tuanze upya."

Ndiyo kawaida yetu: mashine hupigwa picha ikiwa haina kitu, ijue hewa ilivyo, kisha iifute hewa hiyo katika kila picha inayofuata. Shemeji akaingiza mkono kufuta vumbi, akautoa, akapiga.

Baada ya hapo mkono ule ukaanza kukwaruza. Kwa ndani. Tukinyamaza tulisikia kucha zikipanda kutoka kiganjani kuelekea kiwiko, zikitua, zikisikiliza, zikipanda tena, na harufu ile ya nywele ikimtoka mdomoni kila alipojaribu kuninong'oneza, macho yamemtoka, kwamba kinamwita kwa jina la utotoni ambalo marehemu mama yake pekee ndiye aliyelijua.

"Shem, usimwambie dada."

Tukaupiga picha mkono. Ikatoka ngozi tu, kama glovu. Mfupa hakuna.

"Mashine imeharibika," nikasema.

"Fungua picha ya utupu," akasema Mama Mifupa, safari hii bila utani.

Nikafungua. Hewa ilikuwa na mbavu.

Kilikuwa humo tulipopiga. Mashine ilikihesabu kuwa hewa, na sasa ilifuta kila sehemu ya shemeji iliyokuwa imegeuka kuwa kitu hicho. Tukamlaza shemeji ndani, mzima mzima. Alienea; mashine yetu imewahi kumeza mbuzi. Bega hakuna. Kifua hakuna. Upande wa kushoto, mbavu tatu tu za kwake.

Siri ikamfikia mke wangu, akaleta mganga. Mganga akamnusa shemeji, akaitazama picha, akaanza kufunga mkoba wake.

"Mtoe, mzee wangu," mke wangu akalia. "Mtoe huyo jini, ndugu yangu apone!"

"Nikimtoa, mtazika ngozi."