Kabla Hujabonyeza "Kubali"

Fiii! Alfajiri, gizani, filimbi nyembamba ililia kwenye mto wa kulalia wa Torika.

Mama yake, Vasiti, aliijua sauti hiyo. Torika alikuwa amelala na kifaa chake cha kusikia sikioni, kikabanwa na mto. Vasiti alipapasa simu apunguze sauti ya kifaa, kama kawaida yake. Simu iling'aa kwa sura mpya. Ikaandika: "Kifaa hakijaonekana."

Alijaribu tena. Wapi! Akakitoa kifaa sikioni kwa mtoto na kukizima.

Asubuhi Torika alikivaa, kikapiga kelele, akakivua. Bila hicho kifaa hasikii hata akiitwa kwa nguvu. Na shule zinafunguliwa Jumatatu.

"Nani aliishika simu?" Vasiti aliuliza.

Semi, mume wake, alicheka kwa uchungu. "Nani tena? Tavale wangu."

Tavale huyo, yaani binamu wa utani, ni Isikeli; alikuja jana kwa kerekere, akaazima simu. Na ndugu akija kwa kerekere, kuomba kitu chako, humnyimi. Aliitwa, akaja mbio.

"Shemeji, simu ilikuwa inaniomba: sasisha, sasisha! Nikaona haya kurudisha kitu cha watu bila shukrani. Nikabonyeza 'Kubali'. Nikaisafisha."

"Usafi!" Semi alisema. "Miguu yako yenyewe inasubiri Krismasi ndiyo ioshwe, leo unasafisha simu?"

"Tavale, angalau miguu yangu ina akili kuliko hicho kichwa chako cha dalo, gimbi tupu."

Vasiti hakucheka. Alimshika Torika mkono wakaenda sokoni Labasa, kwa Roshni, jirani yao anayetengeneza simu.

Roshni aliitazama simu. "Dada, simu haijaharibika. Imebadilishiwa mfumo unaoiendesha. Programu ya kifaa cha mtoto bado haijazoeana na mfumo mpya."

"Sasa tufanyeje?"

"Tuirudishe kwenye mfumo wa zamani. Lakini si kila simu inakubali kurudi. Hii yako, kampuni huacha mlango wazi kwa muda mfupi, kisha huufunga. Ukishafungwa, hata mimi sina ufunguo."

"Umeshafungwa?"

"Ngoja tuone. Kwanza, una picha humu?"

"Za marehemu mama yangu. Zote."

"Basi tuzinakili kwenye kompyuta. Kurudi nyuma kunafuta kila kitu."

Walinakili picha na namba za watu. Vasiti akazifungua picha mojamoja kwenye kompyuta, kuhakikisha zipo. Ndipo Roshni akaunganisha simu na kuanza. Mstari mweupe ulitembea polepole kwenye kioo. Vasiti alikuwa ameshika pindo la nguo yake.

"Imekubali," Roshni alisema. "Umewahi. Ungekaa kusubiri, tungekuwa tunalia sote."

"Basi nisisasishe tena maisha yangu yote!"

"Hapana, dada. Masasisho huziba mianya ya wezi. Usikatae, ila usikimbilie. Zuia simu kujisasisha yenyewe. Likija toleo jipya, pigia simu kliniki ya masikio, uliza: programu ya mtoto iko tayari? Uliza pia: nikisasisha, naweza kurudi? Hifadhi nakala. Halafu ndiyo ubonyeze."

Roshni alirudisha picha na programu ya kifaa kwenye simu. Nyumbani, Vasiti aliiwekea namba ya siri. Isikeli alikuja jioni na fungu la dalo, kichwa chini.

"Shemeji, naomba simu kidogo. Ikiniomba kitu, nakuita wewe."

"Chukua," Vasiti alisema. "Lakini mtoto kwanza."

Alimvalisha Torika kifaa. Akagusa simu, akapunguza sauti kidogo, akapunguza tena. Filimbi ikanyamaza. Mtoto aliinua macho juu. Kwenye bati matone yalianza kudondoka, moja, jingine, kisha mengi.

Torika akasema, "Mama, mvua inanyesha."