Mota ya Kimya

Baiskeli ya Nyigu ilikata kona bila sauti.

Mbele yake, pikapu ya genge la magendo ilipanda mlima na bomu la kulipua mnara wa mawasiliano wa walinzi wa mpaka. Mnara ukianguka, silaha za genge zingepita bila kuonekana. Pikipiki ingewashtua, hivyo idara ilitoa baiskeli mbili za umeme: moja ya Nyigu, nyingine ya jasusi mwenzake, shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Redio yake ya Motorola ikakwaruza.

"Nyigu, mota inatoa moshi!"

"Izime, shemeji. Kanyaga pedali."

"Gurudumu limegoma. Na nyuma yangu kuna gari lao jingine."

 Nyigu alijua nani ameunguza mota ile.

Jana yake alikuwa karakanani kwa mdogo wake huyo, fundi baiskeli. Dada alimwekea mezani mota mbili za kufunga katikati ya gurudumu.

"Kaka, hii ina giya ndani. Inalia kidogo, lakini mlima inaupanda bila kuchoka. Hii haina giya. Kimya kabisa, tambarare inaruka, ila mlima mkali utaiunguza. Njia yenu ina mlima?"

Njia ilikuwa siri ya kazi.

"Tambarare tupu," alijibu bila kupepesa macho. "Tufungie ya kimya."

Angeweza kuomba yenye giya bila kutaja mlima wowote. Lakini alishazoea kudanganya hata pasipo na haja.

"Nenda!" shemeji alifoka redioni. "Usirudi!"

Risasi zikalia huko chini. Redio ikanyamaza.

Nyigu alitamani kugeuza. Hakugeuza. Mota yake nayo ilikuwa ya moto, akaizima, akasimama juu ya pedali na kupanda kwa nguvu za miguu, huku machozi yakichanganyika na jasho.

Kileleni, wanaume wawili walikuwa wamepiga magoti wakifunga bomu.

"Mikono juu!"

Mmoja akanyakua bunduki. Bastola ya Nyigu, Glock, ikalia mara moja tu. Wa pili akalala kifudifudi bila kuambiwa.

Nyigu akakata waya.

"Mnara salama," aliripoti.

"Safi," Mkuu wa idara alijibu redioni. "Wa chini nao tumewanasa. Shemeji yako yu hai, ila risasi zimemsaga mguu, utakatwa. Dada yako asijue mlipita wapi. Mwambie mota ilikuwa mbovu."

Hospitalini, mdogo wake alikuwa kwenye benchi, grisi bado mikononi.

"Kaka, nilikosea wapi? Nimemkata mume wangu mguu kwa mikono yangu."

Uongo wa Mkuu ulikuwa tayari mdomoni. Nyigu akaumeza.

"Hukukosea, mdogo wangu. Kulikuwa na mlima. Nilijua."

Dada alimkodolea macho.

"Ondoka mbele yangu."

Nyigu akavaa miwani yake ya jua, akafuata korido kwa mwendo wa pole. Mlangoni simu ikaita.

"Umemwambia nini?" Mkuu aliuliza.

"Ukweli."

Akakata simu, akatoka.