Biringanya Lisilokuwemo Chupani

Mwezi wa Septemba ukifika, kijiji chetu karibu na mji wa Leskovac hunukia pilipili hoho za kuchoma. Kila ua una jiko la kuni. Kila mama ana mikono myekundu. Tunachoma pilipili, tunazimenya, tunazisaga, kisha tunazipika na mafuta, chumvi na siki kidogo mpaka ziwe rojo zito. Hiyo ndiyo ajvar. Tunaipaka kwenye mkate majira yote ya baridi, na asiyeipenda hatujakutana naye bado.

Zagorka alikuwa fundi cherehani kiwandani. Kiwanda kikafungwa. Akakaa, akafikiri, akamwambia mumewe Vitomir, "Mimi nitajiajiri. Nitauza ajvar."

"Atanunua nani? Kila mtu hapa ana yake."

"Watu wa mjini, wanaokaa kwenye magorofa. Wao wachome pilipili wapi? Majirani watawaitia zimamoto!"

Vitomir alicheka, lakini akaenda kupasua kuni. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu huyu bwana.

Wakakubaliana hivi. Ajvar ikinunuliwa kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao, mwezi wa Novemba, Zagorka atabaki. Isiponunuliwa, atakwenda ng'ambo, Vienna, kutunza wazee. Wakala wa kazi alikwisha kupiga simu. Sanduku lilikuwa juu ya kabati. Zagorka hakutaka kwenda. Hakutaka kabisa.

Stoo ikajaa chupa. Sasa ikabaki kuwatangazia watu, na Zagorka hakuwa mtu wa kuandika. Kwenye simu yake kulikuwa na akili mnemba, ile programu unayoiuliza jambo ikakuandikia jibu. Akaiambia, "Niandikie tangazo la ajvar ya nyumbani." Kufumba na kufumbua, tangazo likatoka, maneno matamu matupu. Zagorka akasoma mistari miwili ya mwanzo, akafurahi, akalirusha kwenye ukurasa wake.

Asubuhi simu ilikuwa ikitetemeka mezani bila kupumzika.

"BIRINGANYA?" aliandika mmoja.

"Hiyo Leskovac gani, ya mwezini?" aliandika mwingine.

Na mama mmoja wa mji wa Vranje, jina lake Stojanka, aliandika: "Aibu, dada. Bora uuze soksi."

Ndipo Zagorka akasoma tangazo lote. Mstari wa tatu ulisema ajvar yao ina pilipili hoho na mabiringanya. Msomaji, huenda kwako biringanya ni mboga tu. Kwetu, kulitia kwenye ajvar ni kutangaza kwamba pilipili zako hazikutosha, ukaongezea ujazo. Ndugu wamenuniana kwa jambo hilo.

"Lete simu," alisema Vitomir.

"Unataka kuandika nini?"

"Ukweli."

Akamwandikia Stojanka: "Ajvar yako wewe, hata nguruwe wangu anaisukuma kwa pua."

Kufikia mchana, maneno hayo yalikuwa yamesambaa mpaka mji mkuu, Belgrade. Wachache waliokwisha kuagiza usiku ule wakafuta oda zao. Wengine hata hawakujua ajvar ni ya nani, walikuja kutukana tu. Zagorka akapanda kiti, akashusha sanduku.

Jirani yao Nevenka aliingia na kumkuta akikunja sweta. Nevenka huuza asali mtandaoni, na Jumamosi hufundisha watu maktabani namna ya kutumia simu kwa biashara.

"Jirani, unahama?"

"Ile mashine imenimaliza, Nevenka. Akili mnemba ni kazi ya shetani."

"Si ya shetani wala ya malaika," alisema Nevenka, akaketi. "Imesoma maandishi mengi ya dunia. Kuna mahali watu wanatia biringanya, basi ikakisia. Haijawahi kuonja kitu. Wewe uliiambia umetia nini?"

Zagorka akaweka sweta chini.

"Hukuiambia. Kwa hiyo ikajaza yenyewe. Ndivyo inavyofanya, tena kwa kujiamini kuliko mbunge."

"Basi niiache?"

"Itumie kama msaidizi mgeni jikoni. Ieleze kila kitu, kisha onja kabla ya kupakua. Soma kila neno kwa sauti. Jina kwenye chupa ni lako, si lake. Tena kuna watu miili yao inakataa vyakula fulani. Ukikosea kusema kilichomo, unaweza kumdhuru mtu. Na usiipe namba za simu wala anwani za wateja wako. Haziihusu."

"Na huyo mama wa Vranje?" alidakia Vitomir kutoka mlangoni. "Ameanza yeye!"

"Ameanza na soksi, wewe ukamalizia na nguruwe. Ungemwambia hivyo sokoni, uso kwa uso?"

"Sokoni? Angenipiga kwa mkoba!"

"Basi usiandike usiloweza kulisema mbele ya mkoba wake. Ukiwa na hasira, weka simu chini, kapasue kuni. Ukirudi, jibu hoja, tusi liache. Anayetishia, au asiyekoma kutukana, mfungie asikuandikie tena. Lakini ukikosa wewe, omba radhi palepale ulipokosea, wote waone."

Vitomir alipasua kuni nyingi sana siku ile.

Kisha Zagorka akaandika mwenyewe: "Tangazo la kwanza liliandikwa na programu, nami sikulisoma lote. Kosa ni langu. Ajvar yangu ina pilipili hoho, mafuta, chumvi na siki. Biringanya hakuna. Tazameni." Akaiomba programu isahihishe tahajia tu. Halafu akalisoma lote kwa sauti, mpaka Vitomir akalijua kwa moyo.

Akaweka na video. Ndani yake alipitisha mwiko ndani ya ajvar hadi kitakoni mwa sufuria, kutoka ukingo mpaka ukingo. Njia ya mwiko ikabaki wazi. Kwetu hicho ndicho kipimo, maana ajvar ya majimaji hujifunga papo hapo. Mwishoni Vitomir akasimama, kofia mkononi.

"Mama Stojanka, nimekukosea. Nguruwe wangu hajawahi kuonja ajvar yako. Njoo uonje yetu. Kijiko njoo nacho mwenyewe."

Jibu likaja: "Naja Jumamosi. Mfungeni nguruwe."

Akaja kweli. Kijiji kizima kilikuwa uani, mimi nikiwa mbele. Vitomir aliutazama mkoba wa mama huyo kwa heshima. Stojanka akapitisha mwiko, akainama kutazama ile njia. Akaonja. Akaonja tena. Zagorka alikuwa ameshika aproni yake kwa mikono miwili.

"Nilikusema vibaya, dada," alisema Stojanka. "Soksi usiuze. Nipakilie kreti."

Tulipiga kelele mpaka kuku wakakimbia! Nevenka alikuwa akirekodi yote. Waliofuta oda wakarudi. Waliotukana nao wakaagiza, wengine kwa aibu kidogo.

Sikukuu ilipofika, Zagorka alibisha hodi kwangu. "Jirani, niazime chupa moja ya ajvar. Ya kwangu imekwisha yote, na wageni wamekaa mezani."

Tukiwa tunakula, simu ikaita. Wakala wa Vienna. Vitomir akanyoosha mkono.

"Mkono chini," alisema Zagorka. Akapokea mwenyewe, kwa sauti ya upole kabisa. "Asante sana kwa kunikumbuka, bwana. Nina kazi."

Lile sanduku bado lipo. Huweka humo vifuniko vya chupa.