Mstari wa Maharagwe Juu ya Karuba

Mlima ulimeza pikipiki kwanza. Dusabimana alikuwa akiisukuma kwenye tope la barabara iendayo Walikale udongo ulipoteremka na mawe na migomba. Ulipotulia, alikuwa amelala kiubavu, mguu wa kulia chini ya jiwe. Barabara ilikuwa imekatika mbele na nyuma.

Estelle, abiria wake, alikuwa amepanda kilima hadi shamba lililo juu ya barabara. Kwa miaka mingi alizunguka milima hii kupima mvua na kuangalia udongo. Hapo alikuwa amepigilia vijiti na kuvifunga kamba. Kamba ikivutika, alijua mlima unatembea, akawaonya wapita njia. Siku hiyo alikuta vijiti havipo.

Aliteremka kwa magoti. Mwenye shamba, Mama Uwitonze, akamfuata na jembe. Kwa mpini wa jembe waliinua jiwe. Mfupa ulikuwa umetokeza. Maji safi yalikuwa kwenye chombo cha kupimia mvua tu. Estelle alisoma kipimo kwa mazoea, akamnywesha mgonjwa kidogo, akamimina yaliyobaki kwenye jeraha. Mama Uwitonze alifungua kitenge chake, akakipasua, akafunga mguu taratibu kama anayefunga mtoto mgongoni.

"Muguu iko baridi," Dusabimana alisema. "Na moto yangu, ile pikipiki, imeenda Walikale bila miye."

"Itakungojea kule," Mama Uwitonze akamjibu, akimpangusa tope usoni.

Vidole vilikuwa vinageuka rangi. Wangechelewa kufika zahanati ya Karuba, mguu ungekatwa. Mama Uwitonze akapaza sauti kuelekea nyumba za juu, mwito wa kipoyi, machela ya kilimani. Kila nyumba ya kilima ina zamu ya kubeba wagonjwa, na hakuna anayeuliza mgonjwa ni wa nani. Majirani wakaja na miti miwili na blanketi. Mbele alikuwa Karangwa, ambaye hakuwa amemsalimu Mama Uwitonze tangu ng'ombe wa mama huyo alipokula muhogo wa Karangwa. Akachukua upande wa kichwa, ulio mzito.

"Tupite njia ya mukato," alisema.

"Ngoja, Papa," Estelle akasema. "Mama, vijiti vyangu nani aling'oa?"

"Miye. Hapa kwetu muntu akipiga vijiti mu shamba yako, njo amekwisha kuiuzisha. Niling'oa, nikachukua na kamba, nikapandia maharagi."

Hasira ilimpanda Estelle, ikashuka.

"Kamba yote? Toka kwa mikaratusi mpaka huku?"

"Yote. Mistari yangu haipindake."

Wakageuka wote kutazama. Kutoka kwenye mikaratusi maharagwe yalikuja yamenyooka. Katikati ya shamba mstari ulivunjika, na kipande chote cha upande huu kilikuwa kimeshuka hatua nzima. Chini yake kabisa ndipo ilipopita njia ya mkato.

Karangwa hakubisha. Aligeuza miti, wakazunguka kwa mikaratusi, njia ndefu, wakishika majani, tope likiwafika magotini. Mwenzao mmoja alipochoka, Estelle aliingiza bega lake. Walikuwa wamefika mgongoni mwa mlima waliposikia kishindo. Kipande kile cha shamba kilikwenda na maharagwe yake, kikafunika njia ya mkato. Mama Uwitonze aliangalia mara moja, kisha akamsogezea Dusabimana blanketi, mvua isimpige kifuani.

Huko Karuba, muuguzi alisema mguu utabaki, ila hautakunjika vizuri tena. Dusabimana aligeukia ukutani akalia kimya. Wabebaji walingoja nje kwenye benchi, hakuna aliyerudi nyumbani.

"Vijiti vingine uko navyo?" Mama Uwitonze alimuuliza Estelle.

"Niko navyo."

"Weka kwa Karangwa. Watoto wake wanalala chini ya ile mulima."

Karangwa alitazama mikono yake iliyochubuka. Shamba lake alilirithi kwa baba yake, na majirani wakiona vijiti wangesema ameliuza.

"Weka," alisema hatimaye. "Miye nitazunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, niwaambie vinachunga nini." Akasogea kwenye benchi, Mama Uwitonze apate pa kukaa.