Jino la Mbele la Mwalimu Swabra

Wifi yangu Swabra ana kazi mbili. Asubuhi hupika mabuyu ya kuuza. Alasiri husomesha watoto madrasa. Mimi naitwa Dhahabu. Mumewe, Mbwana, ni kaka yangu. Nyumba zetu ziko hapa Mtongwe, Likoni, na zimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Swabra akipiga chafya kwake, mimi humwitikia nikiwa jikoni kwangu.

Kwa hiyo haya ninayoyasema niliyaona. Na mengine niliyafanya mimi mwenyewe. Wallahi, aibu ninayo mpaka leo.

Mabuyu ya Swabra si ya mchezo. Yana sukari, yana iliki, yana pilipili ya kuamsha ulimi. Watu huyafuata kutoka mbali. Siri yake ni moja: haachi kuonja. Hutia buyu mdomoni, akalimumunya, akatema mbegu, akatia jingine.

"Bado chachu," husema. "Ngoja niongeze sukari."

Tangu asubuhi mpaka adhuhuri mdomo wake haupumziki. Akimaliza kupika, huchukua mswaki wake wa mti. Husugua meno ya mbele kwa nguvu mpaka yang'ae. Kisha hutawadha, akaswali, akenda zake madrasa. Miaka kumi na moja alifanya hivyo.

Jino lake la mbele, la juu, lilianza kwa doa jeupe. Doa likawa la kahawia. Mwishowe likatoboka ubavuni.

"Wifi, litazame jino hilo," nilimwambia siku moja.

"Haliumi," alinijibu.

Basi nami nikaliacha. Jino lisilouma, nani hulikumbuka?

Jumatatu moja, alipokuwa akionja, aliuma mbegu ya buyu. Nilisikia ukelele upande wa pili wa ukuta. "Mama wee!" Nikakimbia. Nilimkuta Swabra amesimama karibu na sufuria, mkono ameukunjua. Kiganjani mlikuwa na nusu ya jino.

"Dhahabu, nimekwisha," alisema. "Nitasomesha vipi?"

Ngoja nikueleze kwa nini alisema hivyo. Hebu tamka neno "thelathini". Umeona? Ncha ya ulimi inagusa ncha za meno ya juu, na pumzi inapita taratibu. Sasa tamka "fundi". Meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. Herufi hizo mbili zinakaa kwenye meno ya mbele. Katika kisomo cha madrasa kila herufi ina mahali pake. Ukiitoa pasipo pake, umeharibu. Na watoto hawasomi kitabuni peke yake. Wao husoma mdomoni mwa mwalimu. Anachotamka, ndicho wanachotamka.

Hapo ndipo nilipojifanya mjuzi.

"Usilie," nilimwambia. "Gundi ya Mbwana iko wapi?"

Kaka yangu Mbwana ni fundi wa viatu. Gundi yake hubandika soli, na ukipita nayo kwenye maji ya mvua haibanduki. Nikasema, itashindwa na kijino hiki? Nikachukua kijiti, nikapaka, nikabandika. Gundi ilimuunguza ufizi mpaka machozi yakamtoka. Lakini jino lilishika. Ebo! Nikajiona daktari.

Udaktari wangu ulidumu siku mbili.

Jumatano alasiri Swabra alikuwa mbele ya watoto thelathini. Alisema, "Semeni baada yangu: thaa!" Kile kipande kikaruka, kikaanguka kwenye mkeka wa mstari wa mbele. Hakuna mtoto aliyecheka. Swabra akajikaza, akarudia ile herufi. Ikatoka "saa", na upepo juu yake. Darasa zima likamwitikia kwa nguvu: "Saa!" Akarudia tena. Nao wakarudia tena, vile vile kama alivyosema. Akafunga darasa mapema, akarudi nyumbani amejifunika mdomo kwa mtandio.

Jioni hiyo alituambia mimi na Mbwana, "Kesho nakwenda kwa Ustadhi Suleiman. Namrudishia darasa lake."

Ustadhi Suleiman ndiye mkuu wa madrasa.

"Kwa sababu ya jino?" Mbwana aliuliza.

"Kwa sababu ya watoto! Mwezi ujao wana mashindano ya kisomo. Mnataka niwaharibie herufi zao ili mimi niendelee kuitwa mwalimu? Siwezi."

Aliyasema hayo kwa sauti ndogo. Mimi namjua Swabra. Darasa lile ndilo pumzi yake. Moyo uliniuma, tena uliniuma zaidi nikikumbuka ile gundi.

"Twende kliniki ya meno," nilimwambia.

"Watanig'oa."

"Umeshawauliza?"

"Na nitafunua mdomo mbele ya mwanamume?"

"Yuko daktari wa kike. Jirani yangu alitibiwa naye. Ukitaka wa kike, unasema. Hakuna dhambi kusema."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Mficha uchi hazai, wifi!"

Akacheka, huku ameushika mtandio wake mdomoni. Akasema haya, Ustadhi atangoja.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kliniki. Daktari mwenyewe anaitwa Rispa. Kwao ni bara, upande wa Kisumu, lakini amekaa Likoni miaka mingi. Alifunga mlango, akamkalisha Swabra kwenye kiti kirefu cha kulalia. Nami nilidhani atashika koleo mara moja. Wapi! Alianza na maswali. Unafanya kazi gani? Unakula nini, na saa ngapi? Unapiga mswaki mara ngapi, na kwa kitu gani?

Nikashindwa kuvumilia. "Daktari, kibovu ni jino. Mbona wauliza habari za jikoni?"

Akacheka. "Mama, jino linakaa ndani ya mtu. Nisipojua huyu mtu anaishi vipi, nitaziba leo, na mwaka ujao atarudi na tundu lingine. Meno ya mpika mabuyu na meno ya dereva wa lori hayaharibiki kwa njia moja. Hata matibabu yao si sawa."

Kisha akawasha taa na kuchungulia. Akakunja uso.

"Na hii ni nini hapa?"

Swabra alitazama dari. Mimi nilitazama sakafu.

"Gundi ya viatu," nilisema.

Wallahi, nilingoja matusi. Hakunitukana.

"Gundi hii haikutengenezwa kwa mdomo," alisema. "Inaunguza ufizi. Tena inafungia uchafu ndani. Siku nyingine jino la mtu likivunjika, kitieni kile kipande ndani ya maziwa, mje nacho siku hiyo hiyo. Mara nyingine tunaweza kukirudisha. Lakini msibandike wenyewe."

"Tumesikia," nilisema. Niliona haya kweli kweli.

Alipiga picha ya jino kwa mashine ndogo. Akatuonyesha. "Mwalimu, una bahati. Tundu halijafika kwenye mshipa wa ndani. Hatung'oi. Jino hili linajengeka."

Swabra alianza kulia pale pale kitini. Daktari akampa kitambaa, akamngojea amalize. Sijaona daktari mwenye subira kama yule.

Alipotulia, Daktari Rispa alimweleza kisa cha jino lake.

"Mdomoni mna vijidudu. Kila unapotia sukari, navyo vinakula. Vikila, vinatoa asidi inayolainisha jino. Baada ya nusu saa hivi, mate yanaanza kulirekebisha. Lakini wewe unaonja buyu, halafu lingine, halafu lingine. Mate yatafanya kazi saa ngapi? Na buyu lenyewe ni chachu. Halafu, jino likiwa limelainika hivyo, unalisugua kwa nguvu."

"Kumbe nalisugua likiwa bichi," Swabra alisema polepole.

"Ndiyo hivyo."

"Basi mswaki wa mti ni mbaya?"

"Hapana, hapana! Mswaki wa mti ni mzuri, usiuache. Lakini kata ncha iliyochakaa, utafune mpya. Sugua polepole, kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Na ufike mpaka magego. Wewe meno ya mbele yanang'aa, huku nyuma pamesahaulika. Ukishaonja kitu chachu, sukutua kwa maji tu, ungoje nusu saa kabla ya kusugua. Na asubuhi na usiku kabla ya kulala, tumia dawa ya meno yenye floridi. Tema povu, lakini usisukutue, ile dawa ibaki kwenye meno."

"Na kuonja je? Mabuyu hayapikwi bila kuonja."

"Onja mara moja, ukishakula chakula cha mchana. Kwani huwezi kupima sukari kwa kikombe?"

Swabra akanitazama. Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kufikiri jambo hilo. Kikombe!

Siku hiyo Daktari Rispa aliondoa mabaki ya gundi na kumsafisha meno. Alikwangua ukoga mgumu uliogandamana nyuma ya meno ya chini, ambao mswaki hauwezi kuutoa. Jino lenyewe hakulijenga. "Ufizi umeungua, unatoa damu," alisema. "Dawa ya kujengea jino haishiki penye damu. Rudi baada ya wiki moja."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama?"

"Mimi? Mimi nimemsindikiza tu."

"Keti kidogo."

Nikaketi. Mimi meno yangu hayana tundu hata moja. Lakini nikipiga mswaki, fizi hutoa damu, kwa hiyo nilikuwa nikiziruka. Akaniambia zinatoa damu kwa sababu naziruka. Ukoga umejificha chini ya ufizi. Akanipangia siku ya kusafishwa, akanipa na mswaki laini. Hakuniambia neno juu ya mabuyu. Kila mtu na mdomo wake.

Wiki ile Ustadhi Suleiman alishika darasa mwenyewe. Tuliporudi kliniki, Swabra alijilaza kitini mwenyewe. Alichomwa sindano ya ganzi akiwa amefumba macho. Daktari alisafisha lile tundu, akatoa uozo wote. Kisha akaleta vibao vidogo vyenye rangi za meno. Vyote vilikuwa vyeupe, lakini hakuna viwili vilivyofanana. Akavilinganisha kimoja kimoja na meno ya Swabra, karibu na dirisha.

"Nataka jino jeupe sana," Swabra alisema.

"Nikikupa jeupe sana, watu wataliona hilo tu. Nataka wasilione."

Akaanza kujenga. Alitia dawa laini, akaikanda kwa kijichuma chembamba, akaimulika kwa taa ya buluu ikawa ngumu. Akatia nyingine juu yake. Akamulika tena. Nilikaa pembeni nikitazama mikono ile. Haikutetemeka hata mara moja. Yeye hakuwa akiziba tundu tu. Alikuwa akiumba jino. Mashaallah, nilisema kimoyomoyo.

Alipomaliza, jino lilikuwa zuri. Mimi nilidhani tumemaliza. Lakini alimwambia Swabra, "Tungoje ganzi iishe mdomoni." Tukangoja muda wa karibu saa mbili, yeye akihudumia watu wengine. Kisha akarudi, akavuta kiti.

"Sasa mwalimu, mimi sijui Kiarabu. Nifundishe. Herufi ile inayokusumbua, ulimi unagusa wapi?"

Swabra alishangaa. Daktari kumwomba yeye amfundishe! Akakaa wima. Sauti yake ya darasani ikarudi. "Ncha ya ulimi kwenye ncha za meno mawili ya juu. Usiukaze. Pumzi ipite."

"Haya, itamke."

"Thaa," Swabra alisema. Akatikisa kichwa. "Si yenyewe. Ulimi unakwama."

Daktari Rispa aliweka karatasi nyembamba ya rangi mdomoni, akamwambia aume. Akaona mahali jino lilipozidi. Akalipunguza kidogo kwa kijimashine.

"Thaa. Bado."

Akapunguza tena, kidogo kuliko punje ya chumvi.

"Na ile nyingine?"

"Faa. Hiyo imekaa sawa."

"Basi tuirudie ya kwanza. Sina haraka."

Watu walikuwa wakingoja nje. Yeye alipunguza, akalainisha, akasikiliza ameinamisha kichwa kama mwanafunzi. Mara ya tano Swabra akasema, "Thaa." Akaisema tena. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Kabla hatujaondoka alipewa masharti. Asiume mbegu, wala kucha, wala kufungua chupa kwa meno. Jino hilo likipata ufa, arudi, linarekebishika. Na hata lisipomuuma, arudi kila baada ya miezi sita.

Alirudi, nami nilirudi pamoja naye. Hakukuwa na tundu jipya. Fizi zangu nazo zimeacha kutoa damu. Mabuyu sasa hupimwa kwa kikombe, na wanunuzi wanasema yamezidi utamu wa zamani, kwa kuwa kila siku ni yale yale.

Lakini mimi nikiulizwa habari ya jino lile, siku ninayoikumbuka ni Jumamosi ile ya kwanza aliporudi madrasa. Nilimfuata, nikasimama mlangoni. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, mwalimu!" Akaitikia. Akauondoa mtandio mdomoni.

"Semeni baada yangu," alisema. "Thaa."

Midomo thelathini ikafunguka. Wengine walisema sawa. Wengine bado walisema "saa", kama alivyowafundisha bila kutaka. Swabra hakuwakemea. Akapita mstari kwa mstari. Kwa kila mtoto aliinama, akafungua wazi mdomo wake mwenyewe, akaonyesha kwa kidole. "Nitazame mimi. Ulimi hapa. Kwenye jino hili." Mtoto alitazama, akajaribu, akakosea, akajaribu tena.

Wa mwisho alipoitoa sawasawa, Swabra alicheka kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya darasa lake lote.