Mbwa Aliyefunika Kopo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifunga pipi. Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kuchemsha sukari jioni iliyotangulia, akaitia ndimu na tangawizi, akaimwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuikata vipande ikiwa bado laini. Kulipokucha vipande vilikuwa vigumu na vinang'aa. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuweka kipande katikati ya karatasi, kusokota ncha huku na huku, kisha kukitupia ndani ya kopo kubwa la bati lenye kifuniko. Mikono ilifanya yenyewe. Angeweza kulala usingizi na pipi zikaendelea kufungwa.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo, maana alikuwa akianza kuongea jogoo anapowika, na hanyamazi mpaka usingizi umchukue. Mvua za mwaka uliopita mama akafariki, na maneno yakamkauka mtoto. Jina likabaki bila kazi.

Msibani hakulia. Watu wakamsifu, wakasema ni mtoto jasiri. Jasiri wapi! Alikuwa hasikii kitu. Wewe umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unaubonyeza, unakiona kidole kikibonyeza, lakini mguu ni kama wa jirani. Basi Chiriku alikuwa hivyo mwili mzima, mpaka moyoni. Alikula alipopewa, alicheka wenzake walipocheka, na alirudi nyumbani kwa Mama Mkubwa, dada wa mama yake, kwa sababu miguu ilijua njia.

Katika nyumba hiyo alikuwamo pia Babu, baba yake Mama Mkubwa na marehemu mdogo wake. Babu alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na hata baada ya kustaafu hakuacha kukaa na kitambaa mapajani, sindano mkononi na pini mdomoni. Alikuwa na tabia moja ya kifundi isiyomtoka: kila kilichopita mkononi mwake alikikunja. Kiraka, leso, tiketi, hata gazeti la kufungia sabuni, alikikunja mara mbili na kupitisha ukucha juu ya mkunjo ukakaa sawasawa.

Babu alikuwa na kisukari. Kuishi na kisukari katika nyumba ya mpika pipi ni sawa na mbuzi kufungwa katikati ya bustani ya mchicha na kuambiwa asile. Lakini Babu alijitahidi, au ndivyo walivyoamini wote. Chai yake aliinywa bila sukari, akikunja uso kwa makusudi ili kila mtu aone anavyoteseka.

Wa mwisho nyumbani humo alikuwa mbwa. Mama yake Chiriku alimwokota sokoni akiwa mdogo kama ndala, akamwita Kisigino, kwa kuwa popote ulipokwenda yeye alikuwa kisiginoni kwako. Siku za karibuni Kisigino aliwaacha watu wengine wote. Alishinda amelala kwenye gunia lake kando ya kiti cha Babu, pua yake juu ya kiatu cha mzee cha kushoto. Mama Mkubwa alipouliza mbwa ana nini, Babu alisema anasikia harufu ya pipi, huyo ni mlafi tu.

Na kweli pipi zilikuwa zikipungua. Kwanza Mama Mkubwa alidhani ni macho yake. Kisha mwenye duka la pembeni akarudisha pakiti zilizojazwa kutoka kwenye kopo, akisema hazijai kama zamani, na wateja wanamwona yeye ndiye mdokozi. Jambo hilo lilimchoma Mama Mkubwa. Alikuwa mtu wa kupika pipi safi na kuuza pipi kamili, na jina lake ndilo lililokuwa mtaji wake.

Siku ya kufagia, akainua gunia la Kisigino ili alikung'ute. Karatasi za pipi zikamwagika, rundo zima.

Mama Mkubwa alisimama akiziangalia, ufagio mkononi. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba amevumilia vya kutosha, na kwamba yule mchoma matofali wa nje ya mji alikwisha kumwomba mbwa wa kulinda tanuri. Jumapili aje amchukue. Babu, kitini pake, hakuinua macho kutoka kwenye kiraka alichokuwa akishona. Chiriku alisikia habari hiyo kama mtu anayesikia bei ya mafuta ya taa. Alijua kwamba mbwa huyo ndiye kitu cha mwisho alichoachiwa na mama yake, na alijua kwamba alipaswa kuumia. Alingoja maumivu, hayakuja.

Akainama kukusanya karatasi. Hapo mkono wake ukasita. Karatasi hazikuwa zimetafunwa wala kuchanika. Kila moja ilikuwa imekunjwa mara mbili, na mkunjo umepigwa ukucha.

Alimtazama Babu. Babu akamtazama, halafu akageuza uso kuelekea dirishani. Chiriku akazitupa karatasi jikoni motoni pamoja na taka nyingine, akaenda shule.

Huko shuleni alikaa dawati moja na binti wa fundi viatu, ambaye darasa zima lilimwita Mpelelezi. Penseli ya mtu ikipotea, yeye ndiye aliyenusanusa mpaka ikapatikana, hata kama mwenyewe alikuwa ameisahau sikioni. Alipopata habari za Kisigino alikuja jioni hiyohiyo, akamwamkia Babu kwa heshima zote, akaomba kuoneshwa jikoni. Alilizunguka kopo, akajaribu kifuniko. Kilikuwa kigumu, mpaka ulibane kopo kifuani ndipo kifunguke. Akauliza kama pipi zilipoibwa kopo lilikutwa wazi. Chiriku akasema hapana, siku zote lilikutwa limefunikwa.

"Basi mbwa wenu ana adabu kuliko kaka zangu," Mpelelezi alisema. "Anafungua kopo, anakula, halafu anafunika. Na karatasi anamenya kwa mikono gani? Chiriku, hapa pana mtu."

Chiriku aliinua mabega, akasema labda. Mpelelezi alimkazia macho, kisha akasema polepole kwamba anamwona mwenzake anajua. Chiriku akarudisha kopo mahali pake. Rafiki yake hakumsukuma. Alimkuna mbwa nyuma ya masikio, akaaga, akaenda zake.

Chiriku alibaki ameegemea meza. Kumtaja Babu ilikuwa kumvua nguo mzee hadharani, na Babu ndiye pekee aliyekaa naye kimya jioni bila kumwambia ajitahidi kuchangamka. Kutomtaja ilikuwa kumwacha Kisigino aende kwenye tanuri la matofali. Alijaribu kupima lipi linauma zaidi. Kwa mtu asiyesikia maumivu, mzani wa namna hiyo haufanyi kazi. Akaamua kunyamaza, kwa kuwa kunyamaza hakukumtaka afanye chochote.

Jumamosi muuguzi wa zahanati alipita, kama alivyopita katika nyumba zote zenye wazee wagonjwa. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa mzaha, mwenye mkoba uliojaa chupa. Alimchoma Babu kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akangoja. Aliposoma, mzaha ukamwisha.

Alimuuliza Babu anakula nini. Babu akataja ugali kidogo, mboga, maharage. Akamuuliza kuhusu vitu vitamu. Babu akasema hajagusa. Mama Mkubwa naye akaapa kwa niaba ya baba yake, akasema mzee amejinyima mpaka anatia huruma, na pipi zote humu ndani zinaliwa na mbwa. Wakati huo mbwa mwenyewe alikuwa mahali pake, pua juu ya kiatu, akilia chinichini.

"Kama ni hivyo, dawa zimeshindwa," alisema muuguzi. "Nitakuongezea ziwe kali zaidi. Lakini nakwambia wazi, mzee wangu. Dawa hii nampa mtu ambaye kweli hali sukari na bado imepanda. Ukiwa unanificha, siku utakayoacha kula hivyo vitamu dawa hii itakuangusha chini, na huenda usiinuke."

Babu alisema amesikia. Akanyoosha mkono kupokea.

Chiriku alikuwa mlangoni na bilauri ya maji ya kumezea. Aliuona mkono wa Babu, vidole vyembamba vya fundi, vikifunika pakiti ya vidonge, na akaelewa jambo kwa akili tu, bila moyo kumsaidia: kimya chake sasa kilikuwa kimeingia kwenye dawa. Alikuwa amekwisha kumzika mtu mmoja katika nyumba hiyo. Hakuhitaji kusikia uchungu ili ajue kwamba hataki kuzika wa pili.

"Si mbwa," alisema. Sauti yake ilitoka kavu. "Ni Babu. Karatasi zote zilikuwa zimekunjwa."

Mama Mkubwa akamgeukia baba yake. Babu akaziweka zile dawa mezani.

"Mtoto amesema kweli," alisema.

Muuguzi hakumfokea. Aliketi kwenye kigoda mbele yake, akatikisa kichwa. "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mkuu mwenyewe akiwa ndiye hasikii, sisi tufanyeje?" Na alipotaja guu, macho yake yakamwangukia Kisigino. Akauliza mbwa huyu anafanya nini hapo. Chiriku akamweleza kwamba ni siku nyingi sasa yuko hapohapo, haondoki. Muuguzi akamwomba Babu avue kiatu.

Babu akasema mguu hauna kitu, hauumi hata kidogo. Muuguzi akamjibu kwamba hicho ndicho kinachomtia wasiwasi. Soksi ilipotoka, harufu ilijaa chumbani. Chini ya wayo palikuwa na kidonda kilichotunga usaha, na katikati yake kichwa cha pini ya kushonea. Mzee alikuwa amekanyaga pini yake mwenyewe, hajui lini, akaendelea kuitembelea.

Mama Mkubwa akaanza kulia, akisema amekuwa akimlaumu mbwa kwa ulafi na kumbe mbwa alikuwa akiwaonesha ugonjwa. Muuguzi alifanya kazi yake bila haraka. Alitoa pini, akasafisha, akafunga. Akasema kidonda kimewahiwa na mguu utabaki, ila Babu atakwenda zahanati kila siku kuoshwa, na dawa hazitabadilishwa mpaka sukari ipimwe upya, bila pipi.

"Kisukari huanza kwa kuleta ganzi ya miguu," aliwaambia wote. "Mguu unakufa ganzi. Panapouma pana msemaji wake, pataita mpaka pasikilizwe. Pasipouma ndipo pa kuangalia kila siku, na atakayeangalia aseme alichokiona. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mpelelezi ndiye aliyetumwa kwa mchoma matofali kumwambia asije. Alikwenda mbio, na njiani akamhadithia kila aliyekutana naye kwamba yeye aliijua kesi hiyo tangu alipolishika kopo. Mama Mkubwa alikwenda mwenyewe kwa mwenye duka, akamweleza ukweli bila kumficha mzee wake, akampa pakiti zilizojaa.

Tangu siku hiyo Chiriku alipewa kazi nyingine. Kila jioni kabla ya jua kuzama, Babu alikaa kwenye mkeka kibarazani na kunyoosha miguu, naye Chiriku akazikagua nyayo zote mbili, kidole kwa kidole, kwa kuwa mgongo wa mzee haukumruhusu kuziona mwenyewe. Siku ya kwanza Babu alivumilia mpaka mwisho, kisha akasema alilokuwa nalo.

"Nilimsingizia mbwa kwa sababu hana mdomo wa kujitetea. Hilo ni kosa langu. Tangu nimzike mwanangu, kila nikilacho ni majivu. Pipi peke yake ndiyo niliyokuwa naisikia utamu. Lakini wewe una mdomo, mjukuu wangu, na uliufunga kwa ajili yangu. Usifanye hivyo tena kwa mtu yeyote, na kwa unayempenda ndiyo kabisa. Uongo wangu ungeniua, na kimya chako kingenisindikiza."

Chiriku akasema amesikia. Alimvalisha soksi, akainuka aende zake.

"Ngoja kwanza," Babu alisema. "Mimi umenikagua. Na wewe je? Wapi hapaumi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kwamba hana kitu, yu mzima. Hilo ndilo alilowajibu watu wote tangu msibani. Akalimeza. Akaketi tena, akaweka mkono kifuani.

"Hapa," alisema. "Tangu Mama. Sikulia, Babu. Nilijaribu, machozi hayakuja."

Babu hakumwambia kwamba yeye ni jasiri. Alisogea ampe nafasi kwenye mkeka.

"Basi na hapo tutapaangalia kila siku," alisema. "Niambie habari zake. Anzia popote."

Chiriku alifikiri, akaanza na jinsi mama yake alivyokuwa hawezi kumaliza mzaha, akicheka yeye kwanza kabla ya kufika penye kuchekesha, mpaka wengine wakacheka bila kujua wanacheka nini. Katikati ya maneno hayo, pale kifuani pakaanza kuuma. Akaendelea kusema.