Telegramu Iliyokaa Mfukoni Mwangu

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 1954, watu wametoka misa, na nyumba ya Timotheo na mkewe Kristina hapa Ngamiani, Tanga, ilikuwa imetulia. Kristina alikaa barazani akimenya machungwa ya Muheza. Mtoto wao Bibiana, wa mwaka mmoja na miezi, alilala juu ya kifua cha baba yake, na baba mwenyewe alijinyoosha mkekani, miguu imetokeza nje kwa urefu aliokuwa nao. Mimi Sadalla na mke wangu Mwanamkasi, majirani zao wa ukuta mmoja, tulikuwa tumeingia kuwajulia hali. Tukala machungwa. Hakuna aliyekuwa na haraka ya jambo lolote.

Hapo gari likasimama mlangoni.

Akashuka bwana mmoja wa Mombasa, suruali nyeupe na viatu vya mpira vyeupe. Akasalimu, kisha akauliza, "Ndiye huyu anayetia mpira kikapuni hata akizungukwa na watu watatu?"

Timotheo alisimama, akamkabidhi mkewe mtoto ambaye bado yumo usingizini. Ndugu zangu, nilimwona akisimama, na nawaambieni kweli kwamba hakukaa tena kwa miaka minne.

Kwa msiomjua, baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, na Timotheo alizaliwa kambini, upande wa Muheza. Katika shule ya misheni palikuwa na Bruda mmoja aliyepigilia pete ya pipa juu ya nguzo, akawafundisha vijana mpira wa kikapu, mchezo ambao siku zile huku kwetu ulichezwa zaidi na Wahindi na Wagoa. Wenzake waliruka, yeye alinyoosha mkono tu. Wala haukuwa urefu peke yake. Alijua mwenzake atakuwa wapi kabla mwenzake mwenyewe hajajua.

Mwaka 1951 aliajiriwa na kampuni moja ya kupakia katani bandarini, ambako mimi nilikuwa karani na tena katibu wa timu. Daftarini aliandikwa msaidizi wa stoo, lakini kazi yenyewe ilikuwa mpira. Akifika stoo asubuhi, meneja humwambia, "Wewe kapumzike, jioni una mazoezi." Sisi tuliiona ile ni neema. Kijana mwenye akili zake akamaliza miaka pale bila kujua hata kujaza hati ya mzigo, kwa sababu kila alipogusa kalamu tulimwambia ashike mpira.

Basi akamfuata yule bwana wa Mombasa, akacheze katika timu yake. Kristina hakwenda naye, kwani chumba alichopewa kilikuwa cha wachezaji wanne. Baada ya mwaka kampuni yetu ikamrudisha kwa mshahara mzuri zaidi, halafu Dar es Salaam wakamwita kwa msimu mmoja, halafu akarudi tena kwetu. Kila timu ilimwita "kijana wetu", na kila timu ilimpa kazi ya jina tu.

Alipokuwa nyumbani hakutulia. Alikuwa akila huku anatazama njiani, mguu unacheza, vidole vinagonga kuta.

"Baba Bibiana, kaa ule," Kristina humwambia.

"Nimekaa."

"Umesimama, mume wangu. Umesimama na sahani mkononi."

Akijitazama ndipo anaona kuwa ni kweli, na anacheka. Kristina hakucheka. Siku moja alinikamata mlangoni kwangu. "Shemeji," akasema, "wewe ni katibu, unasikilizwa. Mwombee mwezi mmoja tu akae na mwanawe."

"Baada ya mashindano, shemeji."

"Yapi?"

"Haya ya Mombasa."

"Mlisema hivyo kabla ya yale ya Dar es Salaam," akajibu, akaondoka. Mimi nilimwona kama mwanamke asiyejua maana ya kikombe. Mungu anisamehe.

Tukaenda Mombasa, Agosti 1956. Tulishinda michezo mitatu ya kwanza, na siku ya nne ikabaki fainali, saa kumi alasiri. Asubuhi ya siku hiyo, saa mbili, mtu wa posta alileta telegramu kwenye nyumba tuliyofikia. Ilikuwa na jina langu, na aliyeipeleka ni mke wangu. Ilisema hivi: Bibiana homa kali yuko hospitali mama anataka baba aje leo.

Basi la Tanga lilikuwa linaondoka saa nne.

Nilisoma mara mbili, nikatoka uani. Nilizunguka kisima, nikarudi, nikazunguka tena. Bila Timotheo tusingeshinda, na kila mtu alilijua hilo. Nikampelekea meneja, aliyekuwa amesafiri nasi. Alisoma, akaikunja, akanirudishia. "Wewe ndiye katibu," akasema. "Mimi sijaiona."

Nikaitia mfukoni mwa shati.

Timotheo akapita na taulo begani. "Kaka Sadalla, mbona unatembeatembea tangu asubuhi?"

"Joto," nikamwambia.

Saa nne nilisikia honi ya basi kutoka barabarani. Liliita mara tatu, halafu likaenda.

Mchezo wenyewe sina haja ya kuueleza sana. Timotheo alicheza siku ile kama hakuna mwingine uwanjani, na zikiwa zimebaki dakika chache alitia mpira kutoka mbali hata watu wa Mombasa wenyewe wakasimama. Tulishinda. Wenzetu wakambeba juu. Mimi nilipiga makofi, na kila nilipopiga ile karatasi ilikwaruza kifuani.

Nilimpa saa kumi na mbili.

"Imekuja sasa hivi," nikasema.

Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Hakukuwa na gari la kurudi. Akatembea huku na huko barazani mpaka kulipokucha, tukapata lori la kwanza la Tanga.

Homa ilikuwa ya uti wa mgongo. Kristina na Mwanamkasi walikuwa wamekaa kando ya kitanda cha mtoto siku mbili, mmoja akimpangusa, mwingine akimshika mikono asijing'oe nywele. Timotheo alipoingia wodini, jasho na vumbi la safari mwilini, Kristina hakumgombeza. Alisogea tu ampishe.

Mtoto alipona. Baada ya wiki tatu wakamrudisha nyumbani, amekonda, lakini anacheka. Jioni hiyo alikuwa amechuchumaa uani anachezea vifuu. Timotheo akatokea nyuma yake, akamwita, "Bibiana." Mtoto akaendelea na vifuu vyake. Akamwita kwa sauti zaidi, akapiga makofi. Halafu akachukua mpira uliokuwa pembeni, akaudundisha kwa nguvu kwenye sakafu ya saruji, karibu kabisa na mgongo wa mtoto. Mlio ule ulinishtua mimi niliyekuwa ng'ambo ya ukuta, nikiwatazama kwa juu. Bibiana hakugeuka.

"Hasikii," Kristina akasema kutoka mlangoni. "Nimeshajua tangu juzi. Nilikuwa nangoja na wewe ujue."

Jioni hiyohiyo mke wangu aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hebu nambie, baba Idarusi. Telegramu yangu ilifika saa ngapi?"

"Jioni."

"Mwenye posta aliniambia itafika ndani ya saa moja. Mimi niliipeleka saa moja asubuhi."

Yeye hakupandisha sauti. "Kesho utakwenda umwambie. Usipokwenda nitamwambia mimi, na mimi nitasema mbele ya watu."

Nikaenda. Nilimkuta Timotheo uani anazungukazunguka, nikamweleza yote: saa mbili, kisima, meneja, mfuko wa shati, honi ya basi. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

Akasimama. Halafu akasema, "Ungenipa asubuhi, kaka Sadalla, ningecheza kwanza."

"Usiseme hivyo."

"Ningesema basi limeniacha. Najijua."

Tuliposikia beseni linawekwa chini ndipo tulipomwona Kristina, amesimama na nguo za kuanika. Alikuwa amesikia. Alituangalia, kwanza mimi, kisha mumewe, akaingia ndani akaziacha zile nguo zikiwa zimelowa. Wasomaji wangu, nimeona watu wakigombana kwa mapanga, na sikuogopa kama nilivyouogopa mlango ule alioufunga taratibu.

Baada ya wiki moja Timotheo alikuwa Nairobi. Timu ya huko ilikuwa imemwandikia, naye akaenda kama mtu anayekimbia moto. Aliandika barua tatu, halafu akanyamaza. Kristina alianza kushona. Mwanamkasi alimwazima cherehani, wakagawana siku. Bibiana alikaa miguuni pao akikusanya vipande vya kitambaa, na maneno machache aliyokuwa akiyajua yakampotea moja baada ya jingine, kwa kuwa hakuyasikia tena. Neno la mwisho kupotea lilikuwa "baba". Hakuna aliyekuwa akiitwa hivyo pale.

Mimi nilijiuzulu ukatibu. Wengine walisema naringa.

Huko Nairobi goti la Timotheo lilianza kuvimba. Alilificha. Alilifunga kitambaa chini ya suruali na kuruka hivyohivyo, kwa sababu palikuwa na kijana mwingine mrefu benchini anayengoja nafasi. Alinisimulia mwenyewe baadaye kwamba alikuwa haogopi maumivu. Alichoogopa ni siku isiyokuwa na mazoezi, kwa sababu siku hiyo angelazimika kukaa chumbani na kufikiri. Mwaka 1958, katikati ya mchezo, goti likaachia. Timu ilimtembelea hospitali mara moja. Alipotoka walimkatia tiketi ya gari moshi.

Alishuka stesheni ya Tanga akiwa na fimbo. Watu waliokuwa wakimbeba mabegani walimpita. Sidhani walikuwa na ubaya naye. Hawakumtambua alivyoinama.

Kristina alikuwa kwenye cherehani alipoingia. Mimi nilikuwepo, nimepeleka kitambaa cha mke wangu. Timotheo hakuvuka kizingiti.

"Sina kazi, mama Bibiana," akasema. "Sijui kazi yoyote. Nina miaka ishirini na tisa, na ninachojua ni kutia mpira kwenye pete."

Kristina alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Humu ndani kuna kazi," akajibu. "Maji, kuni, na mtoto ambaye hukumjua. Ukikaa, utazifanya. Ukiondoka tena, usije kuniaga."

"Utanisamehe?"

"Hilo usiniulize leo. Ingia, usisimame mlangoni."

Bibiana alikuja akamtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, safari ndefu kwa macho ya mtoto wa miaka mitano. Halafu akajificha nyuma ya mama yake.

Nilimpeleka Timotheo kwa fundi Uweso, mwenye karakana ya milango barabara ya pili kutoka kwetu. Nilimwambia ukweli wote, na kwamba mimi ni mmoja wa waliomfikisha pale. Mzee Uweso akamtazama.

"Shikamoo, fundi," Timotheo akasema.

"Marahaba. Unaweza kukaa kitako kutwa nzima ukipiga msasa kiti kimoja?"

"Siwezi."

"Basi ndilo utakalojifunza kwanza."

Akaanza chini kabisa, pamoja na wanafunzi wa umri wa wadogo zake. Waliomjua walipita wakimwita kwa majina ya zamani, wengine kwa dhihaka. Mara ya kwanza aliacha kazi siku ya tatu, akatembea kwa fimbo mpaka bandarini na kurudi. Mara ya pili aliacha siku ya kumi. Kila mara Kristina hakuuliza, na kila mara Uweso alimwonyesha kiti kilekile kinachomngoja. Mguu wake mzima uliendelea kucheza chini ya meza ya kazi. Unacheza hata leo.

Bibiana alianza kumletea chakula mchana. Mwanzoni alikiweka chini na kukimbia. Siku moja Timotheo alikuwa akikata ubao kwa msumeno, na mtoto, badala ya kukimbia, akaweka kiganja juu ya ubao. Mtetemo wa msumeno ukampanda mkononi. Akakodoa macho, akaweka na kiganja cha pili, kisha akainama akaegemeza shavu. Timotheo akasimamisha msumeno, akiogopa kumuumiza. Bibiana akampiga mkononi, akimtaka aendelee.

Akaendelea kukata. Ubao ulipokwisha akachukua mwingine ambao haukuwa na haja ya kukatwa, na fundi Uweso, ambaye ni mkali kwa mbao zake, akageuka upande wa pili akajifanya haoni.

Funzo la Habari Hii

Msiseme Sadalla anakataza michezo. Mpira wa kikapu ni mchezo mzuri, na Timotheo akiucheza ulikuwa mzuri zaidi. Ninachokataza ni kumtumia mtu miguu na mikono huku tukimnyima ufundi, tukimwita mfanyakazi na kumfundisha kutofanya kazi. Ninyi wenye timu, mfundisheni mchezaji wenu kazi ya kweli angali na magoti mazima. Nanyi vijana, sifa hazilali nanyi mkiugua. Jifunzeni kukaa nyumbani mapema, kwa maana anayejifunza ukubwani hujifunza kwa machozi ya wengine.

Kama kuwepo kwa Timotheo siku ile kungeyaokoa masikio ya mwanawe, mimi sijui. Daktari naye hajui. Ninachojua ni kwamba mwanamke alimwita mumewe, na mimi nikaamua, kwa ajili ya kikombe, kwamba asisikie. Habari ya mtu si yako kuificha, hata ukiwa katibu, hata mji mzima ukingoja ushindi. Mpe mwenyewe saa ileile. Akikosea baada ya hapo, kosa litakuwa lake, wala halitakuwa lako. Langu ninalo, na Kristina akinisalimu asubuhi huwa nainamisha macho kwanza ndipo niitikie.